Refa Aliyenong'ona: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Peintiboli Msituni

Peintiboli ni mchezo wa kurushiana kwa bunduki gololi zinazopasuka na kuacha rangi, na anayepasukiwa na gololi mwilini ametoka. Huu ulikuwa mchezo wa bendera, kila timu na bendera yake ya kulinda na ya wenzao ya kuchukua, dakika 20, ndani ya msitu wa miti mirefu na vichaka vya kufika kiunoni. Wenye utepe mwekundu walikuwa 14, wenye utepe wa buluu 14, na karibu nusu yao walikuwa wanashika bunduki ya rangi kwa mara ya kwanza maishani. Marefa tulikuwa wanne. Mimi nilikuwa refa mkuu, na mdogo wetu kabisa alikuwa amemaliza mafunzo wiki chache tu zilizopita. Kisa hiki ni chake, lakini ni changu pia, kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha, na kumbe nilimfundisha nusu ya kazi.

Sehemu ya kwanza ya tukio niliiona kwa macho yangu nikiwa mbali kidogo. Iliyobaki nilisimuliwa na wahusika watatu, kila mmoja kwa wakati wake, na maelezo yao yalikubaliana.

Dakika ya 11, dada mmoja wa timu nyekundu, mgeni kabisa wa peintiboli, alikuwa amelala kifudifudi ndani ya mfereji mkavu, hatua kama 30 kutoka bendera ya buluu. Alifika pale peke yake. Wenzake walikuwa wakirushiana rangi upande wa kulia kwa kelele nyingi, naye akazitumia kelele hizo kutambaa upande wa kushoto, polepole, kwa muda wa dakika saba, bila kufyatua hata gololi moja. Hakuna mtu wa buluu aliyejua kwamba yupo.

Hapo mambo mawili yakampata kwa pamoja. Barakoa yake ilijaa ukungu hata akawa haoni mbele. Na alipomlenga mlinzi kwa kubahatisha na kuvuta kifyatulio, bunduki ikagoma. Akainua mkono, akaita, "Refa!"

Refa wetu mdogo alikuja kwa haraka, wima, njia iliyonyooka, na kizibao chake cha rangi ya chungwa kikiwaka katikati ya majani. Alipofika alipiga goti kando ya mfereji. Dada alikuwa ameingiza kidole gumba chini ya ukingo wa barakoa na kuinyanyua kidogo ili hewa ipite. Refa akamwambia, "Shusha, shusha," kwa sauti ya upole, kisha akaishika bunduki. Kitufe cha usalama kilikuwa kimejibonyeza, bila shaka wakati wa kutambaa. Akakirudisha, akajaribu bunduki kwa kurusha gololi mbili juu ya ukingo wa mfereji, kuelekea kule kule mtutu ulikokuwa umeelekea. Ikafanya kazi. Akamrudishia mwenyewe. Na kabla hajainuka, akamsogelea sikioni akanong'ona: "Wapo wawili nyuma ya gogo. Wa kulia ameishiwa."

Baada ya sekunde chache dada alisimama, akampiga wa kushoto begani, akampita wa kulia kana kwamba hayupo, akachomoa bendera. Kipenga kikalia.

Nahodha wa buluu hakuja kwa fujo. Alifunga mtutu wa bunduki yake kwa soksi, yaani mfuko wa kitambaa wa kuzuia gololi isitoke, kama inavyotakiwa, akanifuata pembeni, akasema maneno ambayo sijayasahau: "Refa mkuu, sikusikia alichoambiwa yule dada. Lakini amesimama mbele ya mtu mwenye bunduki na hakumtazama hata mara moja. Mtu hafanyi hivyo mpaka awe anajua ile bunduki ni tupu."

Nilimwita refa wetu. Hakukana. Alisema, "Nilimwonea huruma, mkuu. Nilikuwa nimeshamharibia."

Katika sentensi hizo mbili, mabishano yote yaliyofuata kambini yaliishia kwenye ile ya kwanza, huruma. Watu waligawanyika: wengine wakasema refa mwenye huruma ni upendeleo mtupu, wengine wakasema mgeni anastahili kushikwa mkono. Mimi nataka kuanza na sentensi ya pili, kwa kuwa ndiyo iliyobeba kisa chote. Alikuwa amemharibia nini?

Kujificha ni nusu ya mchezo huu, na ndivyo ulivyo tangu siku ya kwanza. Mchezo wa kwanza kabisa wa peintiboli unaojulikana ulichezwa tarehe 27 Juni 1981 katika msitu wa Henniker, New Hampshire, Marekani, na watu 12, kila mtu kivyake, wakitafuta bendera. Bunduki zao zilikuwa za kutia rangi alama kwenye miti na ng'ombe. Aliyeshinda, Ritchie White, mtu wa kazi za misitu, alikusanya bendera zote bila kumpiga mtu na bila kufyatua hata mara moja. Yule dada wetu, bila kujua historia hiyo, alikuwa anacheza mchezo ule ule. Mali yake yote uwanjani ilikuwa moja tu: hawajui nipo hapa.

Mali hiyo refa aliitawanya kwa miguu yake kabla hajafungua mdomo. Niliona kwa mbali vichwa viwili vya buluu vikigeuka kufuata kizibao cha chungwa. Refa akisimama mahali pasipo na mtu, wachezaji wazoefu huuliza mara moja anafanya nini pale. Akipiga goti, wameshajibiwa. Mwili wa refa ni tangazo. Anaposimama, anapotazama, anapoharakisha, anaposita, vyote vinasomwa na watu wenye njaa ya kujua adui yupo wapi. Na sikuwa nimemfundisha hilo. Nilimfundisha sheria za kupigwa na kutoka, nikamfundisha ishara za mikono, nikamwonyesha namna ya kupima kasi ya bunduki. Namna ya kutembea sikumfundisha.

Refa anayejua kutembea hatulii mahali pamoja. Anazunguka muda wote wa mchezo, anapita karibu na vichaka vyenye watu na vichaka visivyo na watu kwa mwendo ule ule, kiasi kwamba kupita kwake hakumaanishi kitu. Anapoitwa, hakati njia moja kwa moja. Anazunguka kwa nyuma, upande wa timu ya aliyemwita, anasimama hatua kadhaa kutoka kwake akiwa ametazama kwingine, na anazungumza naye bila kumtazama. Macho pia yanasaliti. Nimewahi kumwona refa mzuri sana akimtoa mchezaji fichoni kwa kumtupia jicho tu. Na anapomaliza na mmoja, anakwenda kwenye mti wa mbali, anainama kana kwamba anakagua mtu mwingine, kisha anaendelea. Wapo wanaosema huo ni udanganyifu. Mimi naona ni kurudisha tu kile ambacho kuja kwako kumeondoa.

Basi pima kilichotokea: refa alifika wima, akaiondoa siri ya dada, akaona mwenyewe kwamba vichwa vimegeuka, na dhamiri ikamchoma. Mnong'ono ulikuwa fidia. Alitaka kumlipa alichomnyang'anya. Ndiyo maana siwezi kumwita refa wa upendeleo. Lakini fidia hiyo aliitoa kwenye mfuko wa watu wengine. Yule wa kulia nyuma ya gogo, aliyeishiwa gololi, alikuwa anashikilia nafasi kwa ujanja uliobaki kwake: kuelekeza mtutu mtupu kwa adui kana kwamba umejaa. Huo ni uchezaji halali na unahitaji moyo. Refa aliona utupu wa ile bunduki kwa sababu refa anaruhusiwa kusimama popote na kutazama chochote. Ruhusa hiyo alipewa na timu zote mbili kwa sharti ambalo halisemwi lakini kila mtu analielewa, kwamba anachokiona hakitatoka kinywani mwake.

Kwa miaka mingi nimetafuta kipimo chepesi cha kumpa refa mpya, kitu anachoweza kukikumbuka huku mapafu yanamwaka. Ninachotumia sasa ni hiki: je, ungeweza kusema neno hili ukiwa umefumba macho? "Angalia kitufe cha usalama" unaweza kulisema umefumba macho. "Tikisa hopa, huenda gololi zimekwama" pia (hopa ni chombo cha gololi kilicho juu ya bunduki). "Zimebaki dakika tano" pia, ila hilo litangazwe kwa sauti ya kusikika na wote, au lisitangazwe kabisa, maana muda ukinong'onwa kwa mmoja nao ni siri. "Wapo wawili nyuma ya gogo" huwezi kulisema bila macho yako kuwa upande wa pili. Hapo mdomo ufungwe.

Kipimo hiki kina mlango mmoja wa pembeni, nao ni mwili wa anayeuliza. Mchezaji akihisi amepigwa mgongoni asijue kama gololi imepasuka au imedunda, ana haki ya kumwita refa amkague. Refa atatumia macho, naam, lakini yako juu ya mgongo wa mwenye swali. Rangi iliyo mgongoni mwako ni habari yako wewe. Kilicho nyuma ya gogo ni cha wenzio. Jibu lenyewe liwe fupi: "Safi" au "Umetoka." Nimewasikia marefa wakiongeza, "Safi, hiyo ilipasukia kwenye mti wa kushoto kwako," na kwa maneno hayo machache wameshamweleza mpigaji yuko upande gani.

Na ukaguzi wenyewe huweza kugeuzwa silaha. Mtu wa timu moja anapaza sauti, "Refa, mkague yule nyuma ya kichaka, nimempiga!" hali hana uhakika kama kuna mtu. Anataka refa aende, naye asome. Katika viwanja vingi, refa akitangaza kwamba mchezaji fulani anakaguliwa, huyo hapigwi wala hasogelewi mpaka ukaguzi uishe, na wajanja hulitumia hilo kupumua au kujipanga. Kwa hiyo mimi hupendelea ukaguzi wa kimya wakati mchezo unaendelea, kila inapowezekana. Ukilazimika kusimamisha, simamisha eneo lile lote, pande zote mbili, na ukiachia, waachie wote kwa pamoja na kila mtu akiwa pale pale alipokuwa. Kwenye easofti, inayotumia vidonge vya plastiki vya milimita 6 visivyoacha alama, hata ukaguzi huo haupo, na refa hubaki na uaminifu wa wachezaji tu. Hiyo ni mada ndefu ya siku nyingine.

Sasa bunduki. Hapa sina maneno mengi. Kumsaidia mgeni aliyekwamisha bunduki katika mchezo wa kujifurahisha ni halali, mradi kila mgeni wa kila timu atapata msaada ule ule akiita. Katika mashindano mimi singegusa bunduki ya mtu: iliyogoma ni mzigo wa mwenyewe. Lakini hata kwenye kujifurahisha kuna utaratibu, na refa wetu aliuruka. Kwanza soksi ya mtutu ivishwe, ndipo mkono wa refa uisogelee. Pili, mwambie afanye mwenyewe kuliko kumfanyia. Sekunde tano za "kibonyeze kitufe hicho kwa upande wa pili" zinamfaa kuliko refa kuichukua na kuirudisha, kwani ikigoma tena hatahitaji kuita. Tatu, gololi ya kujaribia hupigwa ardhini, mahali pasipo na mtu. Zile mbili alizorusha juu ya ukingo zilikwenda upande wa buluu. Hazikumpata mtu. Zingempata, tungekuwa na mchezaji aliyetolewa na refa, na sijui ningemwambia nini.

Nimeacha barakoa mpaka hapa kwa sababu nasi siku ile tuliiacha. Ubishi wote ulikuwa juu ya mnong'ono. Habari ya kidole gumba niliipata jioni, dada mwenyewe alipokuwa akirudisha vifaa na kunishukuru: "Na yule kaka alinivumilia, maana niliinua barakoa kidogo ndipo nikaona." Nilikaa chini.

Gololi ya kawaida ya peintiboli ina kipenyo cha inchi 0.68, karibu milimita 17, na uzito wa gramu 3 hivi. Viwanja vingi huweka kikomo cha kasi kati ya futi 280 na 300 kwa sekunde, yaani mita 85 hadi 91 kila sekunde. Kwenye paja inaacha baka. Kwenye jicho lisilofunikwa, yule mtu hataona tena kwa jicho hilo kama alivyokuwa akiona, au hataona kabisa. Haihitaji kupigwa kwa makusudi: gololi hugonga tawi na kugeuka, na mtu aliyelala mfereji wa jirani hajui kwamba umeinua barakoa. Mpaka wa barakoa ni kanuni pekee katika mchezo huu isiyo na "lakini". Mchezo unaweza kuharibika, bendera inaweza kupotea, mteja anaweza kununa. Barakoa haiinuliwi uwanjani.

"Shusha, shusha" kwa upole haikutosha. Alichopaswa kufanya refa kabla ya kuitazama ile bunduki ni hiki. Kupaza sauti, kwa nguvu zote, "Barakoa! Acheni kupiga!" na kupuliza kipenga, hata kama msitu mzima utajua mahali alipo yule dada. Kujiweka kati yake na upande zinakotoka gololi. Kuhakikisha barakoa imekaa usoni, kumwambia afumbe macho na kuinamisha uso, kisha kumshika mkono na kumtoa mpaka nyuma ya wavu, mahali ambapo bunduki zote zimefungwa mitutu. Huko ndiko barakoa inavuliwa, inapanguswa kwa kitambaa laini, na mtu anavuta pumzi.

Ukiufuata utaratibu huo, utaona jambo ambalo mimi nililiona usiku ule nikiwa kitandani. Mnong'ono usingekuwapo. Bendera isingechukuliwa. Bunduki ingetengenezwa nyuma ya wavu, bila haraka, na gololi za kujaribia zingepigwa mahali pake. Dada aliweza kuwaona wale wawili nyuma ya gogo kwa sababu tu hewa ilipita chini ya barakoa iliyoinuliwa. Ushindi wake ulijengwa juu ya lile kosa la hatari, na sisi wote tukawa tunabishana kuhusu ukuta huku msingi hatuujui.

Wapo watakaosema: lakini huo si ukatili? Mtu ametambaa dakika saba, hana kosa, ukungu umemjia, na wewe unamtoa nje, kisha unamrudisha kwenye ngome ya timu yake aanze upya? Ndiyo, ni uchungu, na refa anaruhusiwa kumwambia hivyo: "Pole sana, ulikuwa unacheza vizuri." Uchungu huo hauna aliyeusababisha. Ukungu ni pumzi ya joto na jasho vikikutana na kioo cha baridi. Unaweza kumpata yeyote, wa timu yoyote. Kinachoweza kufanywa kuhusu ukungu hufanywa kabla ya mchezo, na hapo refa anaweza kusaidia mpaka achoke. Kuwapa wageni barakoa zenye kioo cha tabaka mbili, zinazochelewa kushika ukungu. Kukaza mikanda ikae vizuri bila kubana. Kuwaambia wasijaze kitambaa kati ya uso na barakoa, kwa sababu kinapeleka pumzi juu kwenye kioo. Kuwaonya wasisugue kioo kwa ndani kwa kidole. Na zaidi ya yote, kuwafundisha la kufanya ukungu ukija: macho ufumbe, uso chini, mkono juu, ita. Sisi asubuhi ile tulisema "msivue barakoa" mara tatu. Hatukusema hata mara moja wafanye nini wakishindwa kuona. Mtu aliyekatazwa jambo bila kupewa njia nyingine atatafuta njia yake, na kidole gumba kiko karibu.

Hoja nyingine niliyoisikia kambini ina uzito zaidi, nami sikuwa na jibu la haraka. Refa mwenzangu, mzoefu kunishinda, alisema wageni huja kufurahi, na mgeni aliyekaa nyuma ya mti mmoja kwa dakika 15 bila kuelewa kinachoendelea hatarudi tena. Refa akimsukuma kidogo, mchezo wote unapata uhai. Nakubali nusu. Nimewahi kumwambia kijana aliyeganda kwa woga, "Unaruhusiwa kusogea," na sijuti, neno hilo ningelisema nimefumba macho. Nisingemwambia asogee lini, wala kuelekea wapi. "Sasa!" ni neno dogo kuliko yote na ni taarifa kamili ya kijeshi. Kama ganzi ile ni hofu ya kweli, anatetemeka au analia, hapo si suala la mchezo tena: muulize kama anataka kutoka, na akitaka, mtoe mara moja huku ukimkinga kwa mwili wako, bila mtu yeyote kumhesabia aibu.

Na huruma kwa timu dhaifu ina mahali pake pazuri sana: kabla ya kipenga. Nyekundu wamepigwa mara mbili mfululizo? Hamisha wazoefu wawili, badilisha pande, wape ngome yenye vizuizi vingi, punguza gololi za wenye nguvu. Fanya hayo yote mbele ya watu, kila mmoja asikie. Sioni kizuizi chochote kwa refa kusawazisha mchezo wakati bado haujaanza. Wahenga walisema tenda wema uende zako, na kwa refa aliye katikati ya mchezo naisoma jinsi ilivyo: ukimaliza kusaidia, ondoka pale. Wetu alikawia sekunde tatu zaidi, na mnong'ono ulitokea ndani ya sekunde hizo.

Kuhusu uamuzi wangu. Nilifuta bendera na kuamuru mchezo urudiwe, pande zile zile, kila mtu akijaziwa hopa. Bado naamini kuufuta kulikuwa sawa. Mlinzi wa buluu aliondolewa hila yake na mtu aliyeaminiwa kuitunza, na haikuwezekana kumrudishia kwa njia nyingine. Katika mchezo wa kujifurahisha, kurudia hakumgharimu mtu zaidi ya dakika 20.

Kosa langu lilikuwa katika kutangaza. Nilisimama mbele ya watu 28 nikasema, "Bendera haihesabiwi, kulikuwa na tatizo na refa, tunarudia." Nilidhani nalinda heshima ya kijana wangu kwa kutofafanua. Badala yake macho yote yaligeuka kwa yule dada, na niliwasikia wawili wakinong'ona kwamba ameiba. Yeye hakuuliza kuambiwa chochote. Sikio lake lilisogelewa, neno likaingia, na neno likishaingia halitoki. Angefanya nini, asimame mbele ya ile bunduki tupu ajifanye anaiogopa? Nilipaswa kusema wazi: "Refa alimwambia mchezaji habari za adui. Mchezaji hakuomba. Kosa ni letu, na mwendo wake wa kufika pale ulikuwa wa halali na mzuri." Sentensi tatu. Nilizisema baadaye, baada ya mchezo wa marudio, na nilimwomba radhi kwanza yeye peke yake kisha mbele ya wote, lakini zilikuwa zimechelewa saa nzima.

Refa wetu nilimwuliza kama anataka kupumzika siku iliyobaki. Alikataa, akaomba nimwonyeshe namna ya kutembea. Basi wakati wa mapumziko tulizunguka msitu wote mimi na yeye, yeye akiwa refa na mimi nikiwa mchezaji aliyejificha, na nahodha wa buluu, aliyetukuta njiani, akajitolea kuwa adui anayemsoma. Mara ya kwanza alinipata kwa sababu refa aliharakisha. Mara ya pili kwa sababu aliangalia chini mahali nilipolala. Mara ya nne hakunipata.

Mchezo wa mwisho wa siku, dakika ya sita, mkono uliinuka nyuma ya kichaka upande wa buluu. Alikuwa nahodha mwenyewe, ana rangi kidogo kwenye mkoba wa mgongoni asijue ni ya tawi au yake. Refa wetu alipita miti mitatu isiyo na mtu, akazunguka nyuma ya ngome ya buluu, akaja kwa mwendo wa mtu anayetafuta kitu kilichodondoka, akapita hatua mbili nyuma yake bila kusimama. "Safi," akasema, akaendelea mpaka kwenye gogo, akainama pale, mahali ambapo hapakuwa na mtu.